Jina Moja kwa Maji ya Watatu

Sogeeni, enyi kusanyiko. Ninyi mliosimama mlangoni, ingieni, nafasi ipo. Akina mama, waachieni watoto waje huku mbele, waketi mahali ambapo macho yangu yatawafikia, kwa maana neno la leo ni lao kwanza, kisha ni letu sisi tuliowazaa. Nawe baba uliyekuja na mwili huku moyo umeuacha shambani, urudishe moyo wako, tutakungoja. Sikuja na wimbo. Nimekuja na hadithi, nayo ina fundo mwishoni. Fundo hilo sitalifungua mimi. Nimelibeba miaka mingi, na leo nataka kulitua mikononi mwenu.

Palikuwa na kijiji mlimani kilichoitwa Mrangweni. Watu wake waliishi kwa neema mbili, mbegu na maji. Mbegu waliitunza darini, juu ya moshi wa meko, ili dudu lisiiguse. Maji yalishuka kwa mfereji kutoka kwenye chemchemi ya msituni, yakaingia katika ndiva. Asiyeijua ndiva na aelewe: ni bwawa lililojengwa kwa mawe na udongo juu ya mashamba. Usiku hujaa, na asubuhi kizibo chake huchomolewa, maji yakateremka shamba hata shamba mpaka kwa mtu wa mwisho.

Nao walikuwa na desturi. Kila asubuhi, kabla ya kuchomoa kizibo, mlinzi wa ndiva alisimama ukutani akauliza kwa sauti kuu, "Maji haya ni ya nani?" Na watu wote waliokuwa mashambani, majembe mikononi, walijibu kwa jina la yule aliyeyaleta. Kwa vizazi vitatu walijibu, "Ya Mbazi!" kwa kuwa Mbazi ndiye aliyeuchimba mfereji ule peke yake. Mbazi alikuwa amekwisha kurudi mavumbini, lakini jina lake lilikunywa maji kila siku kabla ya maharage.

Ndipo ulipokuja mwaka wa maporomoko. Mlima ulilegea kwa mvua, bega lake likaanguka, likaizika chemchemi pamoja na nusu ya mfereji. Maji yakakoma. Wanaume walipanda kuchimba miezi miwili, wakarudi na vidole vilivyopasuka na habari za mawe. Wakasema, maji ya Mbazi yamekufa, na jina lake limekufa nayo. Atakayeleta maji mapya, jina jipya litakuwa lake. Baadaye hata kulisema hilo waliacha, kwa kuwa njaa huwafundisha watu kuongea machache.

Katika kijiji hicho aliishi mjane, jina lake Nambike, na watoto wake watatu. Mungu, agawaye vipawa bila kumwomba mtu ushauri, alikuwa ameitembelea nyumba ile kwa mkono mkunjufu.

Nakundwa, binti mkubwa, alikuwa amepewa sikio. Aliweza kuulaza uso wake juu ya mwamba akasema, "Chini hapa pana maji, nayo yanakwenda mkono wa kulia." Alipokuwa akisikiliza, alifukuza hata kuku uani.

Mcharo, wa pili, alikuwa amepewa jicho. Watu wengine waliona mteremko. Yeye aliona njia iliyolala ndani ya mteremko. Alipasua ganda la mgomba likawa kama mtumbwi mdogo, akalitia maji kidogo, akalilaza ardhini na kufumba jicho moja, kisha akasema wapi maji yatakubali kwenda na wapi yatakataa.

Kajiru, kitindamimba, alikuwa amepewa kiganja. Udongo alioushindilia yeye haukuvuja. Alijua udongo upi uchanganywe na mizizi ya nyasi, upi na utomvu wa mgomba, na alipokwisha kukanyaga kwa kisigino alilaza kiganja chake palepale kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kikiwa baridi, alijua maji yanapenya, akaanza upya.

Siku moja watoto hawa walimwona mama yao akipima maharage ya chungu kwa konzi, na konzi yake mwenyewe akairudisha kibuyuni. Asubuhi yake walichukua majembe wakapanda msituni.

Penye maporomoko Nakundwa alilala kifudifudi.

"Nyamazeni," alisema. "Nawe Kajiru, acha kupumua."

"Nikifa je?"

"Ufe kimya."

Alihama jiwe hata jiwe siku tatu nzima, shavu lake likawa na vidonda. Siku ya nne alikaa kitako akalia, akasema, "Yapo. Hayajafa. Yamezikwa yakiwa hai." Wakachimba pale alipoonyesha, urefu wa mtu mzima na zaidi, na chemchemi ikawatemea maji usoni.

Lakini mfereji wa zamani ulikuwa umekwenda na mlima, na mbele yao lilikuwa korongo. Hapo ilikuwa zamu ya Mcharo. Alitambaa na ganda lake la mgomba kuuzunguka mlima, hatua kwa hatua, akipigilia vijiti. "Hapa," alisema. "Hapa tena. Hapana, mmepindisha, teremsheni upana wa kidole." Walimtukana kwa ukaidi wake. Kumbe upana ule wa kidole ndio uliofanya maji yasiangukie korongoni.

Kisha wakafika mahali penye mchanga, hatua arobaini za mchanga mtupu, na mchanga ule ukayanywa maji yote mchana kutwa usishibe. Nakundwa aliketi chini akakata tamaa. Mcharo alitupa ganda lake. Kajiru akasema tu, "Nileteeni udongo wa kichuguu, msiniulize." Wakabeba kwa vikapu, naye akashindilia, akakanyaga, akapima kwa kiganja, akabomoa alipotilia shaka. Siku ya tisa maji yalipita juu ya mchanga kama yanayopita juu ya chungu.

Mmesikia, enyi watoto? Bila sikio wangechimba jiwe tupu. Bila jicho wangelilisha korongo. Bila kiganja wangeunywesha mchanga. Nimeitafuta kazi iliyokuwa kubwa kuliko nyingine, sikuiona.

Maji yaliingia Mrangweni saa za adhuhuri, yamesukuma majani makavu na povu mbele yake. Wazee walipiga magoti matopeni. Wanawake waliyachota kwa viganja wakawapaka watoto wachanga vichwani. Nambike aliwatazama wanawe watatu, wachafu hata nyusi, akasema neno moja tu: "Mshukuruni Mungu, kisha mnawe miguu, mle." Wakala ugali kutoka sahani moja, maana nyumba ile ilikuwa na sahani moja, vidole vyao vikigongana, nao wakicheka.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningewaruhusu mwende nyumbani kwa furaha.

Jioni alikuja Mzee Senkondo, mlinzi wa ndiva, pamoja na wazee wawili. Aliketi, akasifu, akakohoa, akasema, "Sasa, jina."

"Jina gani, mzee?" aliuliza Nambike.

"La kuitwa asubuhi. Desturi yetu ina nafasi ya jina moja, mama Nakundwa. Nikianza kuita ukoo mzima pale ukutani, jua litanikuta nimeshika kizibo."

"Hawa walikwenda watatu, wakarudi watatu. Ukinirudishia mmoja huku na wawili kule, nitafanya nini?"

"Desturi si yangu. Nami niliikuta." Akawageukia watoto, akatabasamu kwa wema, na wema ule ndio uliokuwa sumu. "Ndiva itajaa kwa siku saba. Chagueni wenyewe aliye mkubwa miongoni mwenu. Siku ya saba mnitajie."

Ndugu zangu, hapo ndipo wazee wa Mrangweni walipokosea, nami siwasamehe upesi. Desturi yao ilizaliwa na mtu mmoja aliyechimba peke yake. Haikuwahi kuwaona watatu waliochimba pamoja. Ilikuwa juu yao kuipanua desturi. Wao wakaona ni rahisi zaidi kuwabana watoto. Walichukua furaha iliyokuwa nzima wakawapa wenye furaha wenyewe waivunje vipande.

Kesho yake kijiji kilikusanya mbegu ya mwisho iliyosalia darini. Kila nyumba ilileta yake, mwenye konzi konzi, mwenye kibuyu kibuyu. Wakakubaliana waipande yote katika shamba la Nambike, lililokuwa chini kabisa ya ukuta wa ndiva, mahali maji yanapofika kwanza bila kupotea, ili mavuno yake yawe mbegu ya kila nyumba. Kwa siku zile za kungoja ndiva ijae, waliinyeshea kwa vibuyu. Tumaini lote la Mrangweni lilikuwa ndani ya shamba moja, nalo likianza kuinua shingo kijani.

Na katika siku hizohizo ndimi zilifanya kazi. Shangazi yao Nazieli alimketisha Nakundwa katikati ya magoti yake, akimsuka. "Wangechimba wapi hao, mwanangu? Wangechimba tumbo la mlima wakutane na mababu zao! Wewe ndiye uliyesikia." Mhunzi alimwita Mcharo akampa jembe dogo jipya. "Fundi hashiki jembe la kuazima. Hao ndugu zako walifuata vijiti vyako, basi." Na vijana wa rika la Kajiru walimbeba mabegani wakamzungusha kijijini, wakiimba kwamba mlima wote unavuja ila pale alipogusa Kajiru.

Hakuna aliyesema uongo. Lisikilizeni hilo kwa makini, ninyi mnaopenda kuwasifu watoto. Kila mmoja alisema theluthi moja ya kweli, akaiuza kama kweli nzima.

Siku ya tatu sahani ilikuwa mezani, na mikono haikwenda.

"Anzeni ninyi," alisema Mcharo. "Mimi sili na watu wasiokumbuka nani aliyewaonyesha njia."

"Njia ya kwenda wapi?" alijibu Nakundwa. "Kama nisingesikia, ungekuwa unapigilia vijiti mpaka leo, umefumba jicho kama mbuzi anayesinzia."

"Masikio hayo hata popo anayo. Mbona hatumwiti popo asubuhi?"

Kajiru alicheka, akasema, "Semeni tu. Mlikaa chini wote wawili mkalia mbele ya mchanga. Niliwaona."

"Wewe umekanyaga matope!" walisema wakubwa kwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo la mwisho walilolisema kwa pamoja kwa siku nyingi.

Nambike aliuvunja ugali vipande vitatu, akawapa kila mmoja mkononi kama wageni. "Nani kati yenu alijizaa?" aliuliza. "Nani alijipa sikio? Nani alienda kwa Mungu kuchagua jicho?" Naye, kwa kuwa mbegu ya kijiji ilikuwa shambani kwake ikihitaji maji ya kibuyu asubuhi na jioni, alichukua kibuyu akatoka. Yeye aliamini kwamba hasira ya ndugu hupoa ikiachwa. Simlaumu. Wangapi kati yetu tumeamini hivyo na hatukuona shida?

Sasa mjue jambo hili kuhusu ukuta wa ndiva, ambao ulikuwa umepasuka kwa kukaa bila maji, na wale watatu wakaujenga upya kabla ya kuyaleta. Ukuta mpya haujengwi ukaachwa. Wakati unajaa kwa mara ya kwanza huwa kama mtoto mchanga, hulindwa saa zote, maana maji hutafuta tundu la sindano. Ulinzi huo waliachiwa wale watatu, kwa kuwa hakuna aliyewashinda: sikio la kusikia unapolia, jicho la kuona unapopinda, kiganja cha kuziba unapolainika.

Siku ya sita ndiva ilikuwa imekaribia ukingo. Asubuhi Nakundwa alipita juu ya ukuta, akasikia chini kabisa, kwenye nyayo za mawe, sauti ndogo kama ya mtoto anayenyonya. Aliitambua. Alifungua kinywa amwite Kajiru. Kisha alikumbuka kicheko chake, akafunga kinywa. Alisema moyoni, "Na watumie macho yao. Wakija kuniuliza, watajua sikio lina thamani gani." Akaenda kuketi kwenye mwinuko, ameupa ukuta mgongo.

Adhuhuri Mcharo aliusimamia mwisho wa ukuta, akafumba jicho moja. Aliona tumbo la ukuta limetoka upana wa kidole, ule upana wa kidole aliotukanwa kwa ajili yake. Alisema moyoni, "Fundi ni Kajiru, sivyo? Na aone mwenyewe." Akaketi mbali na dada yake, ameupa ukuta mgongo.

Alasiri Kajiru alikuja na mabonge matatu ya udongo mikononi, kwa mazoea. Kisigino chake kilizama. Aliinama, akalaza kiganja, na ardhi ilikuwa baridi. Angeweza kuanza palepale. Alitazama mwinuko akawaona wakubwa wake wameketi bila kazi, akasema moyoni, "Waje waniombe. Mara moja tu waje waniombe." Akayaweka mabonge chini, akapanda mwinukoni. Akaketi.

Chini yao Nambike alikuwa akinyeshea mstari wa mwisho wa maharage. Wanawake wenzake walikuwa wamekwenda. Yeye alibaki, kwa kuwa ulikuwa mstari mmoja tu.

Ukuta haukupiga kelele. Uliketi, kama mzee aliyechoka, na maji yote ya siku sita yakatoka kwa wakati mmoja.

Walimkuta mama yao ameshikwa na shina la mgomba mwishoni mwa shamba, nyonga imevunjika mahali pawili. Mbegu ya Mrangweni hawakuikuta. Ilikuwa imekwenda korongoni pamoja na udongo wa juu, na lililobaki lilikuwa jiwe lililooshwa safi, jeupe, kana kwamba hapakuwahi kulimwa.

Mzee Senkondo aliwasimamisha watoto matopeni.

"Nani alijua?"

Nakundwa alisema, "Mwenye macho ni Mcharo. Mwulizeni yeye."

Mcharo alisema, "Wa kuziba ni Kajiru. Mwulizeni yeye."

Kajiru, huku mikono yake bado ina udongo, alisema, "Wa kusikia ni dada."

Watoto wangu, mnaiona dhambi ilivyo? Siku ya sifa kila mmoja alikuwa na neno moja, "Mimi." Siku ya aibu kila mmoja alikuwa na neno moja, "Yeye." Lakini "sisi" hawakulisema siku ile wala hii, nalo ndilo neno pekee ambalo lingeushika ukuta.

Nambike hakufa. Fundi wa mifupa alimfunga kwa vipande vya mianzi, akasema ataishi, ila hatatembea. Wazee waliingia kumpa pole, na mmoja wao aliuliza swali la kipumbavu, kama waulizavyo watu wasiojua la kusema: "Mama Nakundwa, hukusikia chochote? Hukuona dalili ukakimbia?"

"Niliona," alisema Nambike. "Maji yalinigusa vidole vya miguu nikiwa nimeinama. Niligeuka nikaona ukuta unatoa jasho."

"Na hukukimbia?"

"Nilitazama juu nikawaona wanangu, wote watatu, wameketi mwinukoni. Nikasema, wale wapo. Nikaendelea na mstari wangu."

Watoto walikuwa wamesimama nyuma ya wazee. Walisikia.

Sitawasimulia walichofanya usiku ule. Hilo ni kati yao na Mungu. Alfajiri walionekana ukutani wakiokota mawe. Hawakuagizwa na mtu. Nyumba saba zilikuwa zimefunga virago zishuke tambarare kutafuta vibarua, na wenye virago walipita karibu nao. Bibi mmoja alisimama akatema mate, akaendelea na njia. Wale watatu walijenga siku arobaini. Nakundwa alisikia, akasema. Mcharo aliona, akasema. Kajiru aliziba, akaita wenzake wakague. Na jioni walimbeba mama yao kwenye kitanda cha kamba hadi nje, wakamlisha kwanza, kisha wao wakala kutoka sahani ile moja, bila kucheka.

Mjomba wao, ndugu wa Nambike wa kijiji cha ng'ambo, aliwaletea kibuyu kimoja cha maharage. Kibuyu kimoja, kwa kijiji kizima. Hiyo ndiyo mbegu iliyokuwepo siku ndiva ilipojaa tena.

Asubuhi hiyo watu waliobaki walisimama mashambani. Mzee Senkondo alipanda ukutani akaweka mkono kwenye kizibo. Maji yalikuwa yamefika ukingoni kabisa, na kila mtu alijua kwamba ndiva mpya iliyojaa haingoji. Mzee aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya zamani:

"Maji haya ni ya nani?"

Watu waliinamia majembe yao.

"Semeni! Niliapa mbele ya Mungu kwamba jina litaitwa. Ni ya nani?"

Nakundwa alisema, ameinamisha kichwa, "Ya Mcharo."

Mcharo alisema, "Ya Kajiru."

Kajiru alisema, "Ya dada."

"Mmenirudisha palepale," alisema mzee. "Kwanza kila mmoja aling'ang'ania, sasa kila mmoja anakwepa. Nichukue lipi?"

Mtu mmoja alipaza sauti kutoka shamba la kati, "Yaitwe ya Nambike! Ndiye aliyewazaa, ndiye aliyeumia!"

Nambike, akiwa kitandani ukingoni mwa shamba, aliinua mkono. "Msinipe maji," alisema. "Nilikwisha kupewa. Niliyapata yote kwa siku moja."

Kisha mwanamke wa shamba la mwisho, aliyekuwa amempeleka mtoto wake tambarare kwa sababu hakuwa na cha kumlisha, alipiga kelele, "Lisiitwe jina lolote la nyumba ile! Mnataka kila asubuhi niwataje walioizamisha mbegu yangu? Midomo yangu hii?"

"Lakini bila wao," alisema jirani yake, "hata hayo ya kuizamisha tusingeyapata. Tungekuwa bado tunalamba mawe."

"Basi afadhali mawe!"

"Sema hivyo baada ya kunywa."

Mhunzi, yule aliyetoa jembe, alisema kwa sauti ya chini, "Liitwe jina la Senkondo. Yeye na sisi ndio tuliowapa siku saba." Na wengi waliangalia chini, shangazi Nazieli akiwa wa kwanza.

Mkono wa mzee ulikuwa kwenye kizibo. Maji yalikuwa yamegusa ukingo. Watoto watatu walisimama wamegusana mabega, na chini ya ukuta, katika udongo mpya waliousomba kwa vichwa vyao, zilikuwa zimefukiwa mbegu za kibuyu kimoja.

Hapo ndipo hadithi yangu inaposimama, enyi kusanyiko. Ninyi ndio mko shambani sasa. Mzee amewauliza. Maji haya ni ya nani? Ni ya aliyesikia, au ya aliyeona, au ya aliyeziba? Na kama kosa lao lilikuwa sawasawa kama kazi yao ilivyokuwa sawasawa, je, kosa lilifuta kazi, au kazi ililipia kosa? Je, ni ya mama aliyekataa? Je, ni ya wazee, waitwe kwa aibu kila siku? Au kijiji kiwe na ujasiri wa kujibu jambo ambalo desturi yake haikuwahi kulifundisha? Nawe utakayejibu upesi, utamtazama yule mwanamke wa shamba la mwisho umwambie nini? Je, wewe ungeita jina gani?

Msinijibu mimi. Kajibuni nyumbani. Nawe mtoto uliyeketi hapa mbele, uliyeshinda juma hili ukisema "mimi" mahali palipokuwa na wawili au watatu, unamjua uliyemwacha nje ya neno hilo. Yumkini ameketi karibu nawe na anauangalia mgongo wako. Nawe mzazi uliyemsifu mmoja mbele ya mwenzake ukadhani unamjenga, uliusukuma ukuta. Toka hapa utubu. Usingoje siku ya saba. Geuka sasa, mshike mkono yule uliyefanya naye kazi, na umwambie ulichokisikia, ulichokiona na ulichokigusa, wakati ukuta ungali umesimama na mama yako angali ameinama chini yake, akikuamini.